Kila Mtu Alisema Propela

Kisiwani Panrangan kulikuwa na wanaume watatu waliopungukiwa mkono, na wote watatu, ukiwauliza, walikatwa na propela. Ndivyo walivyoambiwa manesi, ndivyo walivyoambiwa wakwe, na ndivyo alivyoambiwa imamu alipokwenda kuwaombea dua. Hakuna aliyecheka. Kila mtu alijua kwamba propela haimwachii mtu vidoa vyeusi kifuani, wala haimzibi sikio. Lakini kila mtu pia alikuwa na mume, au kaka, au mkwe, aliyetoka alfajiri na chupa za mbolea na utambi, akarudi na samaki waliovunjika migongo. Kwa hiyo propela ilibaki kuwa propela.

Daeng Gassing, daeng likiwa neno la heshima kwa watu wa huko, alikuwa mmoja wa hao watatu. Zamani alikuwa fundi wa injini na mpiga mbizi hodari. Sasa mkono wake wa kulia uliishia chini kidogo ya nusu, kati ya kiwiko na kifundo, na kazi aliyoachiwa ilikuwa kushika usukani kwa mkono wa kushoto na kuwatukana wenzake wakichelewa.

Siku Hasnidar aliposhuka gatini na masanduku yake mawili ya plastiki, watu walidhani ni mwuza sabuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mguu mmoja. Alisema anafundisha uhandisi chuoni Makassar, na kwamba anatengeneza mikono ya bandia isiyo ghali, inayomsikiliza mwenyewe: ukikaza msuli unafumba, ukiulegeza unafumbua. Alikuwa akitafuta watu wa kuijaribu. Bure.

Hilo neno bure ndilo lililomfanya Gassing akunje uso. Hata hivyo nesi alimwita, naye akaenda, akaketi kwenye baraza la zahanati.

"Uliupotezaje, Daeng?" Hasnidar akamwuliza.

"Propela."

"Ulikuwa majini, au ulikuwa unaitengeneza?"

"Nilikuwa karibu nayo."

"Injini ilikuwa inazunguka?"

Gassing akamtazama vizuri. Tangu lini mtu anayetaka kumpa mwenzake mkono akauliza maswali ya kituoni? "Ilikuwa inazunguka," akasema. "Ndiyo kazi ya propela."

Mwanamke yule hakubishana. Aliinuka, akakitoa kiti chake upande wa kushoto wa Gassing, akakiweka upande wa kulia, akaendelea kuzungumza kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikio la kushoto la Gassing lilikuwa limekufa siku ileile mkono ulipokwenda, na hakumwambia mtu hilo isipokuwa mkewe. Huyu amejuaje?

"Unaweza kuvua shati, Daeng? Nataka kuuona mkono wote mpaka begani."

"Uliokatika ni wa chini. Bega langu lipo, halijaenda popote."

Nesi akacheka. Hasnidar naye akatabasamu kidogo, akachukua vipimo vya kigutu peke yake, pale mkono wa shati ulipoishia, akakipiga picha kwa simu yake.

Nyumbani, mkewe Saenab alimsikiliza mpaka mwisho huku akifunga wali katika majani ya mgomba. "Na mkono wako aliushika?" akauliza.

"Atapimaje bila kushika?"

"Nauliza tu. Mwanamke wa mjini avuke bahari kuja kushika mkono wa mume wangu, halafu hataki kulipwa. Wewe huoni?"

Basi palikuwa na mashaka ya aina mbili katika nyumba moja.

Aina ya tatu ilikuwa kwa Haji Mangkona. Haji ndiye aliyekuwa punggawa, mwenye boti nyingi, mwenye barafu na mnunuzi wa samaki wote wa Panrangan; mtu hawezi kwenda baharini wala kurudi bila kupita mlangoni kwake. Alimwita Gassing, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kubali," Haji akasema.

"Nikubali nini, Haji?"

"Huo mkono. Mtu akija kukupa kitu bure, mwache akupe, upate kuona mkono wake mwingine umeshika nini. Mwanamke anazunguka visiwa vyote akiuliza nani kapoteza mkono na vipi. Wewe unadhani anatafuta mikono?"

"Anatafuta wapiga baruti."

"Sijasema mimi. Umesema wewe." Haji akapuliza kahawa yake. "Mwangalie anaandika nini, anapiga picha gani, anampigia nani simu. Halafu uje uniambie."

Hivyo Gassing akakubali. Hasnidar alipokuja mara ya pili alileta mkono wenyewe, mweupe kama mfupa wa ngisi, vidole vyake vikiwa vimeunganishwa kwa mshipi wa kuvulia badala ya mishipa. Ndani ya gamba la kuvaa kwenye kigutu mlikuwa na vitufe viwili vya chuma vya kugusa ngozi. Kwenye kifundo kulikuwa na taa ndogo ya kijani iliyowakawaka.

"Hiyo taa ni ya nini?" Gassing akauliza.

"Inaonyesha betri ina moto."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Daeng. Kaza msuli."

Alikaza. Mkono ukakaa kimya. Akakaza tena, akaghadhibika, na alipokwisha kuacha ndipo vidole vikajifumba polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini akasema naam kwa ajili ya heshima tu. Hasnidar akavuta mdomo. Akavisogeza vitufe huku na huku, kisha akamtazama Gassing kwa muda mrefu, akarudi kuutazama ule mkono wa shati uliofungwa kifungo. Gassing naye alikuwa akiyatazama masanduku ya plastiki. Mle ndani mlikuwa na vifaa vidogovidogo na waya, na simu ilikuwa juu ya mojawapo, kioo kikiwa wazi. Hasnidar alipoinama kutafuta bisibisi, Gassing akachungulia. Picha zilijaa: vigutu, vigutu, vigutu, na chini ya kila kimoja jina la kisiwa. Aliyatambua majina karibu yote.

Siku hiyohiyo Haji akapata habari.

"Majina ya visiwa," Haji akarudia, akatikisa kichwa polepole. "Na ya watu?"

"Sikuona majina ya watu."

"Watu hupatikana kwa majina ya visiwa."

Gassing aliuvaa mkono ule kwa sababu ametumwa kuuvaa, na kwa sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu: alitamani ufanye kazi. Asubuhi, Saenab akiwa ameenda kuchambua samaki kwenye ghala la barafu la Haji, alikuwa akiketi nyuma ya nyumba na kuujaribu kwenye spana. Mara moja kati ya nyingi ulishika. Mara nyingine ulifumba hewa. Saenab akirudi aliuvisha kitambaa na kuuweka kapuni chini ya mchele.

"Unaufunikia nini?" Gassing akamwuliza.

"Kama huo mkono unasikia, usikie mchele ukikauka."

Kisha ikaja harusi ya mpwa wa Haji. Gassing alikwenda na mkono wake kwa kuwa Haji alitaka kila mtu auone, aone kama kuna atakayeuogopa. Walipofika kwenye wali, akajitia ushujaa, akanyoosha mkono wa bandia kwenye upawa. Vidole vikafumba vizuri kabisa. Ila havikufumbuka. Alikaza, akalegeza, akatikisa. Upawa ukabaki mkononi, na mstari wa watu wenye sahani ukarefuka nyuma yake. Wanaume watatu walilazimika kuuchomoa huku taa ya kijani ikiwakawaka.

"Daeng Gassing ameshikwa na serikali," mtu mmoja akasema, na hema zima likaangua kicheko. Gassing alicheka pia, kwa sababu asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi, lakini hakula siku ile.

Haukupita muda, polisi wa majini wakaja. Walizikamata boti mbili za Panrangan nje ya mwamba, chupa zikiwa ndani, wakawachukua wenyewe, Daeng Nyarrang na wenzake, wakavuta boti mpaka bara. Jioni wanaume wote walijaa kwenye baraza la Haji, na Haji ndiye aliyeanza kusema.

"Mwanamke wa mikono alikuwa hapa lini?"

"Wiki iliyopita," mtu akajibu.

"Wiki iliyopita," Haji akasema. "Mimi sisemi neno. Mungu ndiye ajuaye."

Watu wakamgeukia Gassing, kana kwamba yeye ndiye aliyeketi na mwanamke yule akimkabidhi chupa. Naye alihisi hasira ikimpanda, hasira tamu, ile anayoipata mtu akithibitishiwa alichokuwa akikishuku. Taa, picha, kiti kilichohamishwa, vyote sasa vilikuwa na maana. Akasema mbele ya watu kwamba keshoye anapanda boti ya abiria kwenda Makassar, kumrudishia yule mwanamke mkono wake na kumwambia asikanyage tena Panrangan.

Saenab alimfungia chakula cha safari. Mumewe alipokuwa akivaa kofia, ndipo akauliza, "Boti zilizokamatwa ni za nani na nani?"

"Unajua. Ya Nyarrang, na ile ya ndugu wawili wa upande wa msikiti."

"Wote hao wameacha kumwuzia Haji. Tangu mwezi uliopita samaki wao wanakwenda moja kwa moja bandari ya Paotere, mjini, kwa mnunuzi mwingine. Mimi nipo ghalani, naona kapu la nani limekuja na la nani halikuja."

"Kwa hiyo?"

"Sina kwa hiyo. Nauliza tu huyo mwalimu amejuaje azichague hizo mbili, na jana zilitoka boti saba."

Gassing akamwambia asizungumze mambo asiyoyajua. Lakini njia nzima, injini ikinguruma na mawimbi yakirusha chumvi usoni, swali lile lilikaa naye kama abiria asiyelipa nauli.

Karakana ya Hasnidar ilikuwa gereji nyuma ya chuo. Gassing alifika na mfuko begani, maneno yake ameyapanga vizuri, akasukuma mlango, na wanaume wanne wakageuka kumtazama. Kila mmoja alikuwa na mkono mmoja mzima. Walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri zamu, glasi za kahawa miguuni.

"Karibu, Daeng," akasema mkubwa wao, mzee mwenye jicho moja lenye ukungu. "Unatoka wapi?"

"Panrangan."

"Na mkono?"

"Propela," Gassing akasema, kwa mazoea.

Benchi zima likatazamana. Mmoja akaanza kucheka puani, wa pili akamfuata. Mzee mwenye ukungu akapangusa jicho. "Keti basi. Ni propela ileile. Ilianzia kisiwani kwangu, ikachoka kuzunguka pale, ikaanza kutembelea majirani."

Gassing hakuketi. Hasnidar alitoka nyuma ya mashine na gundi imemganda kwenye ushungi. Gassing akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani.

"Mkono wako huo. Na kabla sijaondoka, niambie uliwapa polisi nini."

"Polisi gani?" Hasnidar akauliza.

"Waliochukua boti zetu. Ulikuwa kwetu, ukaondoka, wakaja. Simu yako imejaa picha za vigutu na majina ya visiwa. Ulijua kuhusu sikio langu na hakuna aliyekuambia. Mimi si mtoto, Mwalimu."

Hasnidar akavuta kigoda, akaketi. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amejiandaa. Alichukua simu, akaifungua, akampa Gassing aishike mwenyewe. "Tazama yote. Usiache hata moja."

Akatazama. Juu ya kila kigutu palikuwa na nukta zilizochorwa kwa wino mweusi, nyingine zimezungushiwa duara, nyingine zimepigwa msalaba.

"Duara ni mahali msuli unaposikia," Hasnidar akasema. "Msalaba ni palipokufa. Mtu aliyekatwa na chuma, sehemu iliyobaki huwa nzima. Aliyelipukiwa ni tofauti. Hata panapoonekana pazima, ndani mishipa ya fahamu imeungua vibaya, na hapafanani kwa watu wawili. Nikiviweka vitufe kwenye palipokufa, mkono unaongea na ukuta. Ndiyo maana nauliza. Sina habari na samaki wenu."

"Na sikio?"

"Unageuza kichwa mtu akisema upande wa kushoto. Baba yangu alizibwa sikio moja na uzee. Nimezoea kuhamisha kiti."

"Kwa hiyo ulijua si propela."

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungebaki umeketi?"

Mzee mwenye ukungu akajibu badala ya Gassing, akiwa palepale benchini. "Asingebaki. Mimi nilikimbia mara mbili."

Hasnidar alikuwa ameinamisha macho mezani, akiuzungusha ule mkono mweupe. "Na mimi nina langu," akasema. "Kabla yako nilimpa mtu wa kisiwa kingine mkono mzuri, mota zenye nguvu. Muda mfupi baadaye mota zile nikaziona sokoni, zinauzwa. Kisha nikaja kwenu, nikakutana na mtu asiyetaka kuvua shati, anayenitazama kama mtu mwenye lake. Nikasema huyu ametumwa kuiba. Nikakuwekea mota ya kigari cha watoto."

Ilimchukua Gassing muda kuelewa. Alikumbuka upawa, hema, mstari wa watu wenye sahani. "Kumbe ulijua hautafanya kazi."

"Nilijua utafanya vibaya. Niliwaza, akija tena kulalamika, basi anautaka kweli. Hukulalamika."

"Nilichekwa na harusi nzima, Mwalimu."

"Sikujua kuhusu harusi. Nisamehe."

"Nilitumwa kweli," Gassing akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Si kuiba. Kukuchunguza."

"Ukaona nini?"

"Nikaona mabaya tu. Ndiyo niliyoambiwa niyatafute."

Gassing hakumsamehe palepale, wala yeye mwenyewe hakujihisi amesamehewa. Wangeweza kuachana hivyo, kila mmoja na haki yake, lakini yule mzee wa benchini alichoka kusubiri. "Daeng," akasema, "umevuka bahari na shati lako. Ama livue ama utupishe sisi. Mficha uchi hazai."

Gassing akafungua vifungo kwa mkono wa kushoto. Vidoa vilikuwa vimetapakaa kutoka kiwikoni mpaka kifuani, vyeusi na vya buluu, mchanga na chembe za chupa zilizoingia na zisizotoka. Wenzake wote walikuwa navyo. Hasnidar akatembeza vitufe taratibu, akipiga misalaba ya wino. Sehemu yote ya chini, pale alipokuwa ameviweka mwanzo, ilikuwa kimya. Upande wa nyuma, karibu na kiwiko, akasimama.

"Kunja kidole gumba."

"Kidole gumba gani?"

"Kile ulichokuwa nacho."

Gassing akafumba macho. Alikuwa amejizuia kwa muda mrefu kukifikiria kidole kile, maana kilikuwa kinamwuma nacho hakipo. Akakikunja. Chini ya ngozi, kitu kikaruka kama dagaa kwenye kiganja, na sindano ya kipimo mezani ikapanda juu. Hasnidar akachora duara, akalichora tena juu yake.

Wiki mbili alilala kwa binamu yake mjini, akienda gereji kila siku. Mkono mpya ulikuwa na mota nyingine na gamba lililopanda mpaka kiwikoni. Mara ya kwanza ulipofumba palepale alipotaka ufumbe, uliminya glasi ya kahawa ikapasuka. Mara ya pili ukaangusha bisibisi. Baadaye ukaishika, akakaza parafujo nayo, na Hasnidar akamtaka airudie mpaka akachoka. Gassing aliuliza kwa nini Hasnidar ametumia mshipi wa kuvulia. Akaambiwa mikono ya ng'ambo hugharimu boti na injini yake, na ikikatika kamba hurudishwa ng'ambo. Huu ukikatika, kila duka la kisiwani lina dawa yake.

Aliporudi Panrangan, Haji alimngojea na kahawa.

"Umeona nini?"

"Hakuna polisi, Haji. Ni gereji. Kuna watu waliokatwa na propela, wamejaa benchi zima."

Haji hakutabasamu. Aliutazama mkono mpya, akaitazama taa. "Kama si yeye aliyesema," akasema, "basi ni mtu aliyeketi naye."

Ndipo Gassing alipoelewa shimo lilivyochimbwa, na ya kuwa muda wote yeye ndiye aliyekuwa ameshika sepetu. Tangu siku hiyo usukani alipewa mtu mwingine. Gatini, mazungumzo yalikatika akikaribia. Mke wa Nyarrang, ambaye walikuwa wakigawana chumvi, alimpita Saenab kama mti. Mtu akaandika kwa mkaa ukutani kwao neno moja: Polisi. Saenab akalifuta, likaandikwa tena, akaliacha.

"Waambie kuhusu zile boti mbili," Gassing akamwambia.

"Nani atanisikiliza, mke wa msaliti? Ngoja Nyarrang atoke."

Nyarrang akatoka jela baada ya miezi kadhaa, amekonda, ndevu zimeota mvi. Siku ya tatu tangu arudi, saa za asubuhi watu wakiwa wengi njiani, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Gassing, na watu wakasimama kutazama watakavyopigana. Nyarrang akaketi kizingitini.

"Nina swali moja," akasema. "Mwalimu wako aliwahi kuingia botini mwangu?"

"Hajawahi hata kuikaribia."

"Polisi walipopanda hawakutafuta. Walikwenda kwenye sanduku la barafu, wakalisogeza, wakainua ubao. Chupa zilikuwa chini ya ule ubao, na ubao ule nilikuwa nimeutengeneza wiki ileile. Aliyekuwa akipakia barafu ni mmoja tu."

"Mtu wa ghala," Saenab akasema akiwa ndani.

"Mtu wa ghala," Nyarrang akakubali. Jina la Haji halikutajwa. Halikuhitaji kutajwa, nusu ya kijiji ilikuwa imesimama nje ikisikiliza, na mtu wa ghala hula kwa nani, kila mtu alijua.

Hakuna aliyekwenda kuvunja mlango. Haji aliendelea kuswali safu ya mbele, na boti nyingi ziliendelea kuwa zake. Lakini watu wakaanza kunywea kahawa majumbani kwao. Familia nne zikahamishia samaki wao Paotere. Neno la mkaa likafutwa ukutani na mtu asiyejulikana. Mke wa Nyarrang akaleta bakuli la chumvi, na Saenab akalipokea. Nyarrang mwenyewe hakugusa tena chupa. Si kwa kutubu, alisema; kwa kuchoka kulala sakafuni na watu wasiokoga.

Gassing akarudi kwenye injini. Alitandika turubai kando ya gati, mkono mweupe ukishikilia spana na wa kushoto ukizungusha. Chumvi iliula mkono ule mara kwa mara, na kila mara alimpelekea Hasnidar habari ya kilichooza, naye alibadilisha. Siku moja hata Haji alileta injini, kwa kuwa fundi mwingine hakuwepo. Alisimama mbali kidogo, akiikodolea macho taa ya kijani.

"Hicho kitu kinarekodi?" akauliza.

Gassing aliendelea kukaza nati. "Sijui, Haji. Mimi ninavaa tu."

Tangu hapo, kila alipopita gatini, Haji alikuwa mtu wa maneno machache sana.

Lililobaki lilikuwa la Saenab. Kila mumewe alipokwenda Makassar, alirudi akisema Mwalimu amesema hivi, Mwalimu amefanya vile, na Saenab alikuwa akimsikiliza bila kupepesa macho. Mwishoni akavaa baibui yake nzuri, akasema safari hii anakwenda pia.

Alikaa gerejini mchana kutwa, mkoba magotini. Alimwona Hasnidar akimshika mumewe mkono, akimpiga misalaba ya wino, akimkaripia kwa kuacha mchanga uingie kwenye gamba. Alimwona akigombana na mota, akiitukana gundi, akisahau chai mpaka inzi akatua ndani. Wanaume wa benchini walimkaribisha Saenab kahawa na kumsimulia habari za propela. Jioni ilipokaribia akagundua kwamba mwanamke yule hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Akafungua mkoba, akatoa wali wake wa majani ya mgomba na kipande cha samaki wa kuchoma, akausukuma mezani kati ya waya.

"Kula," akasema.

Hasnidar akala palepale, kwa mikono yenye wino, bila hata kuuliza ni kitu gani.

Katika boti ya kurudi, Gassing alingoja mkewe aseme. Walikuwa wameshaipita minara ya bandari, na mjini taa zimeanza kuwaka, Saenab alipojifunga vizuri mtandio dhidi ya upepo.

"Bado simwamini," akasema.

"Kwa lipi tena?"

"Mtu asiyejipikia hivyo, utajuaje anawaza nini." Akakaza fundo la mtandio. "Ukienda tena, usiondoke mpaka nimefunga samaki. Na umwambie aache kunywa chai yenye inzi."